Habari Niliyomwandikia Mjomba

Shuleni, Karatu
Jumapili, 14 Julai 2024

Kwako Mjomba Parmuat,

Shikamoo. Natumaini u mzima huko Arusha. Unisamehe kama barua hii inanuka vitunguu. Nimempa Inosenti, dereva wa lori la vitunguu vya Mang'ola, naye ameahidi kuifikisha mwenyewe ofisini kwenu. Shuleni bado haturuhusiwi simu.

Nyumbani Olbalbal niliwaacha salama. Baba bado yuko Zanzibar, analinda hoteli. Mama anakusalimu sana, anasema wewe mdogo wake umekuwa adimu kuliko mvua. Kweli mvua hakuna. Wakati wa likizo Mama na vijana wa boma walipeleka ng'ombe juu kutafuta maji, wakakaa siku tatu, na mdogo wangu Lengai akabaki kwa Yeyo Naishorua, humohumo bomani, kama kawaida. Siku ya pili, mimi nikiwa nimeenda na punda kuchota maji, Lengai akawafuata ndama bila kuaga mtu. Yeyo Naishorua alimkuta kabla jua halijazama, amelala chini ya mti karibu na boma. Ndama mmoja alikuwa kando yake amefunikwa shuka, na Lengai mwenyewe uchi kabisa. Alipoulizwa akasema ndama alikuwa anasikia baridi. Mama aliporudi alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa jambo lenyewe. Mwalimu Tluway anayetufundisha kompyuta ameanzisha ukurasa wa shule mtandaoni, na amenichagua mimi kuandika vichwa vya habari. Alisema mbele ya darasa, "Nailantei haongei, kwa hiyo maneno yake yote bado ni mapya." Walicheka, nikatamani kuingia chini ya dawati. Kichwa changu cha kwanza kilikuwa "Taarifa Fupi Kuhusu Zoezi la Upandaji Miti Lililofanyika Katika Mazingira ya Shule Yetu." Waliofungua ni watu wanne, na mmoja ni Mwalimu mwenyewe, mara mbili.

Kazi yako ni hiyo, Mjomba. Naomba unifundishe.

Mpwa wako,
Nailantei

*

Arusha
2 Agosti 2024

Mpwa wangu Nailantei,

Marahaba sana. Barua imefika, na ofisi nzima imeuliza nani kaleta kachumbari. Mimi mzima, kazi tu ndiyo hainipi nafasi ya kuja huko. Msalimie dada yangu, mwambie nitakuja.

Kichwa chako cha miti kinalaza watu. Msomaji wa mtandaoni hajakaa mezani kama wewe na vitabu vyako. Amesimama kwenye foleni, simu mkononi, kidole kinateremka. Muda ulio nao ni wa kuwasha njiti ya kiberiti. Kwa hiyo tupa "taarifa", tupa "zoezi", tupa "kuhusu". Anza na mtu, kwa sababu watu wanataka watu. Mpe kitenzi cha kufanya kitu. Taja mahali ili wa mahali hapo washtuke. Ukiwa na namba iweke, namba humsimamisha mtu. Yasizidi maneno kumi, simu itayakata. Na kubwa kuliko yote, acha pengo. Ukimwambia kila kitu kwenye kichwa, afungue afuate nini? Mwachie tundu achungulie. Maelezo mengine yote utayaweka chini huko, aya ya saba.

Habari ya Lengai na ndama imenifurahisha sana. Unajua kusimulia, wewe. Hivi zile siku tatu dada alikuwa mbali kiasi gani? Na Lengai ametimiza mitano? Niandikie kwa kirefu, nimekumbuka nyumbani.

Mjomba wako,
Parmuat

*

Shuleni, Karatu
18 Agosti 2024

Mjomba Parmuat,

Shikamoo. Nimefurahi umekumbuka nyumbani. Lengai ametimiza mitano, na anaringa nayo. Mama alikuwa mbali, kutembea siku nzima, na alirudi miguu imepasuka. Ndama yule aliyevikwa shuka sasa hamwachi Lengai, anamfuata mpaka mlangoni.

Nimetumia mafunzo yako. Wiki iliyopita niliandika: "Maharage ya Jumatano: Nani Anatulisha Mawe?" Walifungua watu mia mbili na kumi na mbili. Mwalimu Tluway alinipa mkono. Lakini Mama Hosiana, mpishi wetu, aliacha kuitikia salamu yangu. Alhamisi nikajikaza nikaenda jikoni. Nikaona kuni zenyewe, mbichi, zinatoa maji badala ya moto. Alikuwa amewasha tangu saa tisa usiku na macho yamemvimba kwa moshi. Nikarudi nikabadilisha kichwa: "Kuni Mbichi Zachelewesha Maharage ya Jumatano." Waliofungua hicho ni thelathini. Mama Hosiana amenipa ukoko wa ugali na tumeelewana.

Mjomba, hukuniambia kwamba kichwa cha habari kinaweza kumfanya mtu asikuitikie. Au hilo nalo huwa linawekwa aya ya saba?

Mpwa wako,
Nailantei

*

Shuleni, Karatu
22 Septemba 2024

Mjomba Parmuat,

Shikamoo. Leo salamu zangu ni fupi.

Mwalimu Tluway aliniita chumba cha kompyuta akaniuliza kama nyumbani kwetu ni Olbalbal. Kisha akanionyesha ukurasa wenu wa Tarumbeta Mtandaoni. Nanukuu kama kilivyo: "MAMA NGORONGORO ATELEKEZA MTOTO MIAKA 5 SIKU TATU, AKIMBILIA NG'OMBE." Chini yake kuna picha ya mtoto analia ambaye si Lengai. Sijui ni mtoto wa nani. Watu elfu kumi na tisa wameisoma. Mmoja ameandika kwamba mwanamke wa namna hiyo afungwe kamba kama ng'ombe anaowapenda. Mwingine kaweka kicheko.

Ndani wameandika Olbalbal na wameandika Lengai. Jina la Mama halipo, lakini kwetu nani asiyemjua mama yake Lengai? Mama alikwenda mnadani kuuza mbuzi, na kijana wa boma aliyemsindikiza ndiye aliyenisimulia. Mwanamke mmoja akamvuta mtoto wake karibu na kumwambia mwenzake, "Ndiye yule wa kwenye simu." Mwenzake akasema, "Kumbe ana sura ya mtu." Mama hakujua wanasema nini. Alidhani shuka yake imechanika nyuma, akawa anajigeuza kuiangalia.

Kisha mapumziko ya katikati ya muhula nikaenda nyumbani, na siku hiyohiyo wakaja watu wawili wenye daftari. Walisema wametumwa kuangalia usalama wa mtoto aliyetelekezwa. Mmoja akachuchumaa mbele ya Lengai na kumwuliza kwa upole, "Mama yako ni yupi hapa?" Lengai akamwonyesha Mama. Kisha akamwonyesha Yeyo Naishorua. Kisha akamwonyesha Koko, mama yake Baba, ambaye alikuwa amesinzia. Mtu yule akamtazama mwenzake na kusema, "Andika, mtoto hamtambui mama yake."

Nilitakiwa kusema. Mimi ndiye ninayekijua Kiswahili kuliko wote pale. Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Walipoondoka ndipo sentensi zote zikanijia, zimepangika vizuri kabisa.

Tarehe 12 Desemba kuna kikao katika ofisi ya kata. Watakaa waamue kama Lengai achukuliwe akalelewe kituo cha watoto mjini. Mama halali. Anamfunga Lengai kamba ya mkono na mkono wake.

Habari hiyo imeandikwa na "Mwandishi Wetu". Mjomba, mwandishi wenu ni nani?

Nailantei

*

Arusha
27 Oktoba 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Usione kimya, kazi zilinibana sana, nikapata na homa kidogo. Nimempa Inosenti mfuko wenye kalamu, mkebe wa hesabu na biskuti. Kidato cha tatu si mchezo, soma.

Kuhusu lile jambo. Nimesikitika mno. Lakini elewa, ofisi ina watu wengi, na vichwa vya habari hupita mikono mingi kabla ya kutoka. Mhariri anaweza kubadilisha chochote. Hata hivyo ukiisoma habari yenyewe kwa utulivu, aya ya saba inasema wazi kuwa mtoto alikuwa kwa jirani na alipatikana salama siku hiyohiyo. Kwa hiyo huwezi kusema ni uongo. Tatizo ni kwamba watu hawasomi. Na mambo ya mtandao hayakai. Wiki mbili tu, watu wameshahamia lingine.

Mwambie dada asiwe na hofu. Si lazima umweleze mambo ya mitandao, yatamchanganya bure.

Mjomba wako,
Parmuat

*

Shuleni, Karatu
3 Novemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mfuko wako umerudi na Inosenti. Biskuti alikula yeye, nilimruhusu. Mkebe na kalamu vipo vyote.

Nimeisoma habari kwa utulivu kama ulivyoniagiza. Nimeisoma mara sita. Kichwa kinaanza na mtu. Kina kitenzi. Kina mahali, na wa mahali hapo wameshtuka. Kina namba mbili. Ni maneno kumi kamili, simu haiyakati. Kina pengo, na ndani ya pengo hilo wametumbukia watu elfu kumi na tisa na kumkuta Mama. Ni barua yako ya tarehe 2 Agosti, yote, haikuachwa hata nukta.

Na aya ya nne inasema kwamba mtoto alivua shuka akamvika ndama "kwa kuwa alimwona anasikia baridi". Hilo nje ya boma letu halikujulikana na mtu yeyote. Mimi nililiandika mara moja tu, kwenye karatasi mbili nilizochana katika daftari la Jiografia, katika sehemu ya salamu. Niliandika pale kwa sababu ndipo panapoandikwa habari za nyumbani. Sikujua kwamba kuna watu wanaosoma salamu kama mtu anayepekua mifuko ya koti lililoangikwa.

Usinijibu habari za mhariri. Nijibu habari ya neno "jirani". Mtu wa Dar akiandika jirani nitamsamehe, hajui. Wewe ulikuja Olbalbal una miaka minne, bibi alipofariki, na Mama ndiye aliyekuleta, bi harusi mwenye mdogo wake mgongoni. Watu walimcheka njia nzima. Alipokwenda na ng'ombe, wewe ulibaki katika nyumba gani? Ulikunywa maziwa ya kibuyu cha nani? Ulimwita jirani, au ulimwita Yeyo, yaani mama? Kwetu mtoto aliyebaki kwa Naishorua amebaki kwa mama yake. Hilo huhitaji kufundishwa na mimi. Ulilijua wakati kidole chako kinaandika.

Na hapa niseme langu pia, nisije nikawa kama wewe. Mama aliniuliza, "Hao wa kwenye simu waliijuaje habari ya ndama?" Nikasema sijui. Ni mara ya kwanza kumdanganya Mama.

Zimebaki wiki tano na siku nne.

Nailantei

*

Arusha
25 Novemba 2024

Nailantei,

Marahaba. Ni mimi.

Nimeanza barua hii mara nyingi na zote zilikuwa na salamu ndefu. Sasa nimelitanguliza jibu.

Nataka ujue ilivyokuwa, si kwa kujitetea. Hapa ofisini kuna skrini ukutani inayoonyesha ni watu wangapi wanasoma nini, muda huohuo, na chini yake majina yetu. Wiki ile jina langu lilikuwa la mwisho. Kichwa cha kwanza nilichokiandika ni "Mtoto wa Olbalbal Amvika Ndama Shuka Yake". Nilikipenda. Hadi saa nane mchana watu sitini. Mhariri akapita nyuma ya kiti changu akasema, "Parmuat, hii ni hadithi ya kulalia. Mama yake alikuwa wapi?" Hakubadilisha yeye. Aliuliza tu. Nilibadilisha mimi, dakika mbili, na jioni jina langu lilikuwa juu. Walinipigia makofi. Nilipofika nyumbani sikula.

Nimejaribu kuandika kichwa cha kusahihisha. Nimeandika kumi na moja. Vyote vinajificha. "Ufafanuzi Kuhusu Habari ya Mtoto." Hata wewe wa miti ungenicheka. Niandikie wewe. Sasa wewe ndiye mwalimu.

Tarehe 12 sidhani kama nitaweza kuja. Kazi ni nyingi.

Parmuat

*

Shuleni, Karatu
1 Desemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Kichwa ni hiki:

"Nilimsingizia Dada Yangu wa Olbalbal: Mtoto Alikuwa kwa Mama"

Hesabu, ni maneno tisa. Kina mtu, na mtu huyo ni wewe. Hakina pengo, na usiliongeze. Wasiofungua nao wajue, kwa sababu wasiofungua ndio waliowavuta watoto wao Mama alipopita mnadani. Chini yake andika jina lako lote, si Mwandishi Wetu. Yeyo Naishorua awe aya ya kwanza. Picha ya yule mtoto anayelia iondoe, naye ana mama yake mahali.

Habari ya zamani usiifute kimyakimya. Weka hiki juu yake, ili anayekuja kuitafuta akutane na wewe kwanza.

Tunafunga shule Ijumaa. Sina la kukwambia kuhusu kazi nyingi. Ulipokuwa na homa ya utoto, Mama alikuwa na kazi chache?

Nailantei

*

Arusha
16 Desemba 2024

Nailantei,

Marahaba. Nimekitoa kama ulivyokiandika, sikubadilisha neno. Kwenye skrini kimepata watu mia tatu na kumi na moja. Mhariri ameninunia na sijui kama mwezi ujao nitakuwa na kiti hapa. Nilichapa nakala nikampa Inosenti, naye amesema aliifikisha kwa Mwalimu Tluway.

Tarehe 12 nilitoka Arusha alfajiri. Nilifika Karatu saa tatu. Nikakaa stendi, kwenye benchi la muuza chai, mfuko wa sukari na majani ya chai ya dada magotini. Magari ya kwenda huko juu yalipita matatu, utingo ananiita, "Wewe wa shuka, unapanda hupandi?" Saa tisa alasiri nikapanda gari la kurudi. Muuza chai nilimwachia sukari.

Tafadhali nijulishe. Kikao kiliamua nini? Lengai yuko wapi? Dada anasemaje? Andika hata mstari mmoja.

Parmuat

*

Olbalbal
22 Desemba 2024

Mjomba Parmuat,

Shikamoo. Karatasi ilifika. Mwalimu Tluway aliileta mwenyewe kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Usiku wa kuamkia kikao nilikuwa nimeshamwambia Mama kila kitu: salamu zangu, maswali yako, na kwamba nilipomwambia sijui nilikuwa najua. Alikuwa anasafisha kibuyu kwa kijinga cha moto. Aliendelea kukisafisha. Kisha akauliza, "Katika barua hizo uliandika kwamba namsalimu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi alizipata salamu zangu, akaandika vile."

Kwenye kikao nilisimama nikaisoma karatasi yako kwa sauti. Sauti ilitoka. Ilitetemeka, lakini ilitoka. Mwenye daftari akaiomba, akaisoma tena mwenyewe. Yeyo Naishorua akaambiwa aeleze, akaeleza kwa Kimaasai, mimi nikatafsiri. Alisema, "Nimelea wengi katika nyumba yangu. Mmoja wao ndiye aliyeandika hiyo karatasi. Mwulizeni yeye kama aliwahi kulala njaa." Mwenye daftari akatazama mlangoni akauliza, "Huyo Parmuat yuko wapi?"

Mama akajibu kabla yangu. Alisema, "Yuko njiani."

Walikungoja nusu saa, Mjomba. Wakati huo wewe ulikuwa kwenye benchi.

Umeniuliza kiliamuliwa nini. Sitaandika. Kwa barua sikuandikii tena habari za nyumbani, nilikuandikia mara moja na umeona zilikofika. Ila kichwa nitakupa, nimekitunga kwa kanuni zako: "Kikao cha Olbalbal Chaamua Kuhusu Lengai." Pengo nimekuachia. Habari yenyewe iko hapa bomani, nyumba ya pili ukiingia langoni, na haifunguki kwa kidole.

Sukari ulete nyingine.

Doa la maziwa hapo chini si langu. Kuna mtu ananisukuma kiwiko tangu nilipoanza barua hii, anataka niandike jina la ndama wake. Nimemwambia atamtajia mwenyewe mjomba wake akija.

Mpwa wako,
Nailantei